Kitako cha Simu ya Setilaiti: Tuulize Nini Fundi Anapokuja



Tumepokea maswali mengi kuhusu simu za setilaiti. Madereva wa malori yapitayo Rusumo wanauliza kwa nini simu waliyopewa hailii wakiwa ndani ya kabini. Wachumaji wa chai wanauliza ile simu iliyonunuliwa kwa ajili ya hatari imewekwa wapi. Wenzetu wa maboti ya Ziwa Kivu wanauliza kama ni kweli kwamba ukiwa nayo huhitaji tena redio. Tumeona vema tuwajibu wote hapa, maana maswali yote yanahusu kifaa kimoja kidogo na namna kilivyofungwa.

Wako watakaosema: simu ya setilaiti ya nini, nasi tuna mtandao wa simu za mkononi tangu 1998, na minara iko karibu kila kilima? Ni kweli. Lakini mnara unahitaji umeme, na fundi wa mnara anahitaji barabara. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliporomosha vilima vya magharibi na kaskazini mwa Rwanda, watu zaidi ya 130 wakafa na barabara nyingi zikakatika. Siku kama hiyo ndiyo inayomfanya mtu atake simu isiyotegemea kitu chochote kilichosimama juu ya ardhi. Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waya nyingi za simu za Kigali zikiwa zimekatika, waandishi wa habari na watu wa Msalaba Mwekundu walizungumza na dunia kwa mitambo ya setilaiti yenye ukubwa wa sanduku la msafiri. Leo mtambo huo unakaa kiganjani.

Kukaa kiganjani hakukuondoa taabu yake ya asili. Simu hii haitafuti mnara, inatafuta setilaiti iliyo angani. Bati la kabini, paa la kiwanda, hata majani mazito ya miti yaliyolowa, vyote huzuia mawimbi yake. Anayetaka kuzungumza hana budi kutoka nje, kuinua antena na kusimama mahali peupe. Na simu iliyokunjwa antena na kutiwa katika begi haiwezi kuitwa na mtu: ofisi itapiga mpaka ichoke, kisha dereva aandikiwe barua kwamba hakujibu.

Kitako ndicho kinachoondoa taabu hiyo. Waingereza hukiita doki. Sisi tutasema kitako kwa kuwa simu inakaa juu yake. Kinaishika simu isirukeruke njiani, kinaichaji, kinaiunganisha na antena iliyofungwa nje juu ya paa, na kinatoa mlio na sauti kwa spika. Kila kitako kimetengenezwa kwa aina yake ya simu. Kitako cha simu ya Iridium hakiwezi kubeba simu ya Inmarsat, na hata antena zao si za kubadilishana. Mwajiri akinunua kitako mahali pamoja na simu mahali pengine kwa sababu ya bei, fundi atakuja na vitu viwili visivyooana, na kazi italala.

Tofauti ya kampuni hizo mbili inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo inayoamua antena ikae wapi. Iridium wana setilaiti 66 zinazozunguka kiasi cha kilometa 780 juu yetu. Kila moja huizunguka dunia kwa dakika 100 hivi, na ikipita haionekani kwa zaidi ya dakika kumi hivi. Mazungumzo hupokewa na inayofuata, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Inmarsat, iliyoanzishwa 1979 kwa ajili ya usalama wa meli na ambayo tangu 2023 ni mali ya Viasat, inatumia setilaiti za mbali, kiasi cha kilometa 36,000, ambazo kwa sisi tulio chini ni kama zimesimama.

Sasa tazama Kigali ilipo: karibu na Ikweta, kwenye nyuzi 30 za mashariki. Setilaiti iitwayo Alphasat, iliyorushwa 2013 kwa ajili ya Inmarsat, imewekwa juu ya Ikweta kwenye nyuzi 25 za mashariki. Basi kwetu iko karibu utosini. Kilima hakiizuii, kinachoizuia ni paa na miti. Huko Ulaya setilaiti ya namna hii huonekana chini, upande wa kusini, na fundi aliyejifunza kwa vitabu vya huko anaweza kufunga antena ukutani upande wa kusini, chini ya upenu. Hapa antena ya ukutani chini ya upenu ni pambo. Kwa Iridium mambo hugeuka. Setilaiti zake hutokea pande zote za anga, tena nyingine zikiwa chini karibu na upeo wa macho, kwa hiyo bonde ni adui. Wenzetu wa Mulindi, ambako chai imepandwa chini katika bonde lililokuwa kinamasi, wataona mazungumzo yakikatika setilaiti inapojificha nyuma ya kilima, kisha yanarudi. Hilo si kosa la fundi. Antena ikipandishwa mlingoti, au ikihamishiwa mteremkoni juu kidogo, nafuu hupatikana.

Katika lori

Tuliwahi kuitwa kuangalia lori moja ambalo simu yake ilifanya kazi vizuri gereji, lakini njiani ikawa bubu. Antena ilikuwa imefungwa nyuma ya kabini, chini kidogo ya fremu ya turubai. Lori likiwa tupu, anga lilionekana. Likipakiwa, mzigo ulisimama kama ukuta. Fundi alichagua mahali pale kwa sababu hakutaka kutoboa paa. Mahali pa antena ni juu ya paa la kabini, pasipo na kitu kinachoizidi kimo, mbali na antena za redio nyingine kwa mita moja au zaidi.

Umeme nao una mitego yake. Malori mengi makubwa yana volti 24, magari madogo 12. Vitako vingi vya magari hupokea kuanzia volti 10 hadi 32, lakini si vyote, na kitako cha volti 12 kikifungwa katika lori la 24 kinaungua siku ile ile. Nyaya ni tatu: wa chanya, wa hasi, na wa tatu unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo ili kitako kijue gari limewashwa. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kitako. Waya ukichunika katikati ya njia, fyuzi iliyo mwisho wa safari hailindi kitu. Kitako chenyewe kisikae mahali ambapo goti la dereva litakigonga wala mbele ya mfuko wa hewa wa usalama.

Jambo moja madereva wengi hawaambiwi. Lori likipinduka, antena iko chini ya lori. Kwa hiyo simu lazima iweze kuchomolewa kwa mkono mmoja, bila bisibisi, na dereva awe amefundishwa kuiinulia antena yake na kupiga akiwa nje. Tumeona simu zilizofungwa kwa boliti zisiibiwe. Tunaelewa hofu ya mwenye mali, lakini simu ya namna hiyo huzuiwa na ajali ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Ziwani

Kuhusu maboti tutasema kwa ufupi. Maji ya Kivu si ya chumvi, lakini unyevu unatosha kuozesha viungio vya kebo. Vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, na kebo ishushwe kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje badala ya kuifuata hadi kwenye kitako. Spika ina sumaku, basi ikae mbali na dira. Na jibu la swali lile ni hapana. Simu ya setilaiti inampata mtu mmoja uliyempigia; redio ya boti inasikiwa na kila chombo kilicho karibu. Boti la Merdi lilipozama tarehe 3 Oktoba 2024 lilikuwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakilitazama. Hapo simu isingesaidia. Jaketi la kuokolea na idadi halali ya abiria ndivyo vingesaidia. Asije mtu akawauzia simu mahali pa jaketi.

Kiwandani na shambani

Katika majengo adui mkubwa ni urefu wa kebo. Mawimbi hufifia kadiri yanavyosafiri katika waya. Kebo nyembamba ya kawaida, mita nne au tano tu, inaweza kula nusu ya nguvu yote. Kebo nene ya kiasi cha milimeta 10 hufika mita 15 hivi kabla ya kupoteza kiasi hicho. Fundi anayetaka kuleta kebo kutoka paa la kiwanda mpaka ofisi iliyo mwisho wa jengo aulizwe atapoteza kiasi gani. Iko njia nzuri zaidi. Vitako vingine vya majengo vina tundu la simu ya mezani. Kitako kinafungwa juu, karibu na paa, kebo ya antena inabaki fupi, na waya wa kawaida wa simu unateremka hadi popote panapotakiwa. Huo waweza kwenda mbali bila madhara.

Radi ni jambo la pili, na katika nchi zetu si la mzaha. Uchunguzi wa setilaiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba Kabare, ng'ambo ya Ziwa Kivu katika Kongo, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Antena juu ya paa la kiwanda cha chai ni mwaliko. Lazima kiwepo kifaa cha kuzuia radi mahali kebo inapoingia ndani, kimeunganishwa kwa waya mnene na mfupi kwenye fimbo ya ardhi. Bila hicho, anayeshika simu wakati wa mvua ndiye fimbo ya ardhi. Kitako kiwe pia na betri yake ya akiba, maana umeme ukikatika ndipo kitakapohitajika.

Sasa swali la wachumaji. Katika shamba moja tuliloingia, kila kitu kilifungwa kwa ustadi: antena juu, kebo nene, waya wa ardhi, betri. Kitako kilikuwa ofisini, ndani ya kabati, na ufunguo ulikwenda nyumbani na msimamizi saa kumi na moja jioni. Zamu ya usiku ya kiwanda ilikuwa na watu na mitambo inayozunguka, haina simu. Tulipendekeza simu ya mezani iteremshwe hadi kwenye banda la kupimia majani, na mazungumzo hayajaisha hadi leo. Hoja ya mwajiri ni gharama, kwamba watu watapiga kwao. Hoja hiyo ina dawa: vipo vitako vinavyoweza kupangwa vikubali namba chache tu.

Namba hizo ziandikwe kwa ukamilifu, zikianza na 00 250. Msitegemee namba fupi kama 112, hiyo ni ya mitandao ya nchini. Na salio lina tarehe ya kuisha hata kama hakuna aliyelitumia; simu yenye antena nzuri na salio lililokufa ni jiwe. Ipigwe simu ya majaribio kila mwezi, kutoka mahali pale pale itakapotumika, na apige mtu wa zamu, asipige fundi.

Wengine wameandika kwamba wameambiwa watakatwa mshahara kulipia kitako. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Aliyekatwa alete hati yake ya mshahara kwa mwakilishi wa tawi. Walio na simu ndani ya kabati lililofungwa watuandikie idara na zamu yao tu, majina hatuhitaji. Tutayapeleka mezani katika kikao kijacho na waajiri.