Zebaki: kutoka karai la dhahabu hadi bahari ya barafu

Baridi ya Juni na Julai huku Mbulu tunaijua, lakini hata ikikaza vipi, jembe bado linaingia ardhini. Huko Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada kuna ardhi iliyoganda kama jiwe kwa maelfu ya miaka. Sasa dunia inapata joto, ardhi hiyo inayeyuka, na pamoja na matope inaachia zebaki: madini yaleyale ya majimaji, rangi ya fedha, ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu.

Ilifikaje huko? Kwa hewa. Volkano huitoa, makaa ya mawe yakichomwa huitoa, na mvuke wake husafiri mbali sana. Mimea ya kaskazini huinasa; ikifa, baridi huizuia kuoza, na sumu inafungiwa humo. Watafiti wanakadiria kuwa ardhi hiyo imeshikilia mamia ya maelfu ya tani, nyingi ikiwa ya kale.

Barafu ikilegea, mito kama Lena na Mackenzie huibeba hadi Bahari ya Aktiki. Majini, vijidudu hugeuza sehemu yake kuwa aina kali zaidi, isiyotoka mwilini upesi. Samaki mdogo ana kidogo, anayemla ana zaidi, sili na nyangumi zaidi tena, na wenyeji wa huko, Wainuit, hula nyama hiyo. Kupika hakuiondoi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwenye ubongo.

Ziwa Basotu halihusiki na barafu hiyo. Ila kijana wa Hanang anayekwenda machimboni Geita, Kahama au Chunya hasubiri zebaki izunguke dunia. Anaivuta palepale inapochomwa, na mvuke wenyewe hauonekani. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, uchimbaji mdogo wa dhahabu hutoa zaidi ya theluthi ya zebaki yote ambayo binadamu huingiza hewani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020; Minamata ni mji wa Japani ambako, mwaka 1956, ugonjwa wa waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani uligunduliwa.

Barafu ya Siberia hatuna la kuifanya kesho asubuhi. Moshi wa karai tunaweza kuupunguza. Kipo chombo cha kufunga kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, na hiyo ni pesa. Asiyekuwa nacho asichomee ndani wala karibu na wajawazito na watoto, na karai hilo lisirudi jikoni hata likioshwa.