Utengwaji wa Kidijitali Mjini: Wakala wa Pesa za Simu kama Mlango wa Huduma za Umma katika Mtaa wa Bugolobi, Kampala

Utangulizi

Mjadala kuhusu utengwaji wa kidijitali katika Afrika Mashariki umezoea kuelekezwa vijijini, mahali ambapo mnara wa simu uko mbali na umeme ni wa kubahatisha. Nchini Uganda mtazamo huo uliingia hata katika majina ya taasisi. Mfuko ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), ukichangiwa na kampuni za mawasiliano, uliitwa Mfuko wa Maendeleo ya Mawasiliano Vijijini. Jina hilo limebadilishwa, lakini dhana iliyolizaa ingali hai, nayo ni kwamba mkazi wa mji mkuu amekwisha kufikiwa. Makala haya yanauchukua mtaa wa Bugolobi, katika Divisheni ya Nakawa, ili kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kuishi chini ya mnara wa simu na bado akabaki nje ya huduma.

Bugolobi ina sura zaidi ya moja. Juu ya kilima kuna nyumba za kifahari na ofisi za mashirika. Karibu na barabara kuna maghorofa ya zamani ya Shirika la Taifa la Nyumba, pamoja na soko ambamo ndizi, samaki na mboga huuzwa tangu alfajiri. Walinzi, watumishi wa nyumbani, wachuuzi na waendesha bodaboda wanaoufanya mtaa huu uende, wengi wao hulala kwingine: Kitintale kwa upande wa Port Bell, au Namuwongo ng’ambo ya bonde, ambayo kiutawala imo katika Divisheni ya Makindye. Ramani ya mawimbi ya simu haiwatofautishi watu hawa na mwenye nyumba wanayemlindia lango. Takwimu za wastani wa jiji nazo haziwatofautishi, na hapo ndipo tatizo la mshauri wa sera linapoanzia.

Kitambulisho kwanza, simu baadaye

Ni rahisi kudhani kwamba kizuizi cha kwanza ni bei ya simu. Kwa wengi kizuizi cha kwanza ni karatasi. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Utambulisho na Usajili (NIRA), na kufikia mwaka 2017 laini ya simu ya raia ilikuwa imefungwa kwenye nambari yake ya utambulisho wa taifa. Kwa kuwa akaunti ya pesa za simu huambatana na laini, asiye na nambari hana laini halali, na asiye na laini hawezi kupokea wala kutuma fedha kwa jina lake. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika mawili ya Kampala, ISER na Unwanted Witness, ilikadiria kuwa hadi theluthi moja ya watu wazima nchini hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Ripoti hiyo ilieleza pia jinsi wazee na wanawake walivyokosa posho na matibabu kwa sababu hiyo.

Mjini, njia ya kukwepa kizuizi hiki inajulikana: kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, ndugu au mwajiri. Njia hii hufaa mpaka siku serikali inapotaka kumfikia mtu mwenyewe. Katikati ya mwaka 2021, wakati wa marufuku ya pili ya kutoka kutokana na UVIKO-19, serikali iliamua kuwapa wakazi wa mijini walioathirika shilingi 100,000 kila mmoja kupitia pesa za simu. Malipo yalihitaji jina, nambari ya utambulisho na laini vilingane. Mwosha magari aliyekuwa akitumia laini ya shemeji yake alikuwa na simu mkononi na njaa nyumbani, lakini mfumo haukumtambua.

Wakimbizi wa Kongo, ambao ni wengi mjini Kampala na ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku, walikuwa katika hali ngumu zaidi hadi Agosti 2019, pale UCC ilipoelekeza kwamba nyaraka zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike kusajili laini. Waraka huo mmoja haukuhitaji mnara mpya wala mkongo mpya. Ulifungua mlango ambao uwekezaji wa miundombinu usingeweza kuufungua.

Gharama

Kuhusu bei, inatosha kutaja kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kwa mfanyakazi wa ofisini kilimani, anayetumia intaneti ya mwajiri, badiliko hilo halikuwa na uzito. Mchuuzi anayenunua data kwa vipimo vya siku moja hulipa kodi kila asubuhi anapoanza kazi.

Kibanda cha wakala

Pamoja na vikwazo hivyo, watu hupata huduma, na swali lenye manufaa kwa watafiti ni namna wanavyozipata. Jibu lipo kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Tangu MTN ilipoanzisha huduma hiyo nchini Uganda mwaka 2009, wakala amegeuka kuwa zaidi ya mtu wa kuweka na kutoa fedha. Mteja humletea nambari ya mita ya Yaka, naye humnunulia umeme na kumwandikia kwenye kipande cha karatasi tarakimu 20 za kuingiza. Humlipia maji na karo. Anayetaka leseni ya biashara hukutana na eCitie, mfumo wa malipo wa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA). Anayetaka pasipoti lazima ajaze fomu mtandaoni. Mwenye simu ya vitufe, ambayo Watanzania huiita kitochi na Wakenya mulika mwizi, hawezi kuyafanya hayo peke yake. Humwendea wakala, au kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa jirani na soko.

Wakala huyu anafanya kazi ya umma bila kutambuliwa. Hakufunzwa na ofisi ambayo fomu zake anazijaza, na halipwi nayo. Ujira wake ni kamisheni ya kampuni ya simu na chochote anachotoa mteja. Zaidi ya hayo, kazi yenyewe humlazimisha mteja asiyejua kusoma kutaja namba yake ya siri, au kuacha kitambulisho kipigwe picha. Mafunzo mengi ya usalama wa kidijitali humwambia mtu huyu asimpe yeyote namba yake ya siri. Ushauri huo ni sahihi kwa anayeweza kubonyeza mwenyewe; kwa asiyeweza, ni sawa na kumwambia asitumie huduma. Anachohitaji ni msaidizi anayewajibika.

Suala la lugha

Fomu nyingi za serikali mtandaoni ni za Kiingereza. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukitekeleza kama lugha rasmi. Ni kweli kwamba katika soko la Bugolobi Kiganda ndicho kinachotawala, na mpenzi wa Kiswahili hana budi kukubali hilo. Hata hivyo kambi ya jeshi ya Mbuya iko jirani, na Kiswahili ni lugha ya jeshi, Wakongo wapo, wafanyabiashara kutoka Kenya wapo. Fomu yenye Kiganda na Kiswahili ingepunguza makosa ya majina na tarehe ambayo hugharimu safari nyingine ya bodaboda hadi ofisini. Kazi ya istilahi ambayo vyama vya Kiswahili vimeifanya kwa miongo kadhaa ingepata hapa matumizi ya haraka kuliko kwenye kamusi.

Msaada unaofaa

Kanda ina mifano. Kenya ilifungua Kituo cha Huduma cha kwanza Nairobi mwaka 2013, ambapo mwananchi huhudumiwa ana kwa ana kwenye dawati. Rwanda, kupitia jukwaa la Irembo, imewaingiza mawakala katika mfumo wenyewe, ili asiye na kifaa aombe hati kupitia mtu anayejulikana. Kwa mazingira ya Bugolobi mfano wa Rwanda una nguvu zaidi, kwa sababu vibanda vipo tayari na watu wanaviamini. Kinachokosekana ni masharti: ada iliyobandikwa ukutani, stakabadhi inayomtaja wakala, mahali pa kulalamika, na njia ya mteja kuthibitisha muamala kwa alama ya kidole bila kutaja namba ya siri.

Mpango huo una hatari yake. Ofisi ikishapata wakala wa kumtupia kazi, hushawishika kufunga dirisha lake, na gharama ya huduma ikahamia kwa maskini kwa jina la kumrahisishia. Kwa hiyo dirisha la ana kwa ana libaki wazi, angalau kwa kitambulisho, posho na malalamiko. Mfuko wa mawasiliano kwa wote, ambao huchangiwa pia na mchuuzi wa Bugolobi kila anaponunua muda wa maongezi, unaweza kuwalipia mawakala mafunzo. Kabla ya hapo KCCA na UCC zitapaswa kukubaliana ni nani atakayejibu pale wakala anapokosea jina la mteja na pasipoti ikatoka na jina la mtu mwingine.