Baada ya Hadithi Kwisha: Redio, Michezo na Moyo wa Kuhurumiana Darasani

Wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha katika vijiji kama vya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, hutuuliza swali moja: je, mchezo wa redio au wa kompyuta waweza kumfundisha mtoto kumhurumia mwenziwe? Swali hili si la anasa. Mtoto wa huko hukua katika wilaya ambamo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ambayo mwaka 2015 ilipokea Warundi wengi. Neno “mkimbizi” amelisikia kabla hajajua kusoma, na pengine amelisikia likitumiwa kama tusi.

Huruma tunayoizungumza hapa si ile ya kumsikitikia mtu kwa mbali. Ni uwezo wa kujiweka mahali pake na kuona anachokiona yeye.

Tuanze na michezo ya kompyuta, ingawa shule zetu nyingi hazina mashine hizo. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Tobias Greitemeyer na Silvia Osswald, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Baadhi ya watu walichezeshwa Lemmings, mchezo wa kuwaongoza viumbe wadogo wasiangamie. Wengine mchezo wa kuua. Wengine Tetris, ambao ni wa kupanga vipande tu. Kisha mtafiti akaangusha kalamu, kana kwamba kwa bahati mbaya. Waliocheza mchezo wa kuokoa ndio waliomsaidia kwa wingi kuziokota. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ni ya dakika chache baada ya kucheza. Hayatuambii mtoto atakuwaje muhula ujao.

Redio yatufundisha zaidi, tena kutoka kwa jirani zetu. Nchini Rwanda, mwaka 1993 na 1994, kituo cha RTLM kilieneza chuki iliyosaidia kuwasha mauaji ya kimbari. Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha huko mchezo wa redio uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mmoja na vikundi vilivyosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Imani ya mtu binafsi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zake juu ya mwenendo unaokubalika katika jamii, pamoja na huruma yake kwa wengine. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio ya kaseti. Vikundi vya afya vilielekea kumkabidhi kiongozi mara moja. Vikundi vya Musekeweya vilijadiliana kwanza namna ya kuitunza kwa pamoja.

Hapo pana jambo kubwa kwa mwalimu. Wale watu walisikiliza pamoja, kila mmoja akiona jirani yake naye anasikitika au anacheka. Mtoto asikilizaye peke yake hapati ushahidi huo.

Lakini wanachuo wasiharakishe kusema, “Basi, tujadiliane tu.” Mashariki ya Kongo palikuwa na mchezo mwingine, Kumbuka Kesho. Katika baadhi ya sehemu uliongezewa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Paluck alichapisha matokeo mwaka 2010: waliosikia kipindi hicho walijadiliana zaidi kweli, lakini walizidi kutovumiliana, walikumbushana madhara waliyotendewa, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wasiowapenda. Mazungumzo yasiyoongozwa yaweza kuchochea kidonda badala ya kukiponya.

Sisi wenyewe tulijifunza hivyo kwa aibu. Katika shule moja mwanachuo wetu aliwaigizisha watoto familia inayokimbia vita. Tulikuwa tumekaa nyuma na daftari zetu, tukiridhika. Watoto walibeba mafurushi, wakaiga matamshi ya wageni, na darasa likaangua kicheko. Kisha mwanachuo akauliza, “Mnaonaje wakimbizi?” Majibu yalikuwa yale ya sokoni: wanaiba kuni, wanakula vya bure. Mtoto mmoja, ambaye bibi yake alivuka mpaka zamani, aliinamisha kichwa mpaka kengele ilipolia.

Kosa halikuwa katika mchezo, bali katika swali, na ni sisi tuliolipitisha katika andalio la somo. Swali la “mnaonaje” humwalika mtoto atoe hukumu aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Yafaa aulizwe juu ya mtu mmoja ndani ya hadithi: Huyu bibi ameacha nini nyuma? Anaogopa nini usiku huu? Nani amempa maji? Na zamu zibadilishwe, aliyecheza mwenyeji acheze mgeni. Mahali pasipo redio, ngano isimuliwayo kwa mdomo inatosha kabisa; wala matamshi ya mtu yasiigizwe kamwe.

Somo lilirudiwa juma lililofuata. Safari hii kijana aliyekuwa amecheka kuliko wote alipewa nafasi ya bibi mwenye furushi. Alisimama kitambo mbele ya “mlango”, kisha akamgeukia mwalimu na kuuliza kama bibi huyo alikuwa amekula. Darasa likanyamaza. Mwanachuo alifumbua kinywa ajibu. Tukamwashiria angoje, watoto wajibu wenyewe.