Kompyuta Inapoganda Wakati wa Kunakili Mafaili



Katika idara nyingi za lugha bado ipo kompyuta kongwe inayotumia Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Kazi za kila siku haifanyi tena, lakini ndani yake mna tasnifu, mitihani ya zamani na masimulizi yaliyorekodiwa kwa wazee ambao baadhi yao hatunao tena. Mara nyingi nakala ni hiyo moja tu. Tunapoanza kuyahamishia kwenye diski mpya, kazi husimama katikati. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta chanzo bila kuhatarisha mafaili yenyewe.

Kwanza tutofautishe maneno matatu ambayo huchanganywa. Kompyuta inajikokota ikiwa kazi inaendelea polepole. Imekwama ikiwa faili moja halipiti, ilhali kipanya na madirisha mengine yanafanya kazi. Imeganda ikiwa hakuna kinachoitikia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha itazame taa ya diski. Dirisha la Task Manager likifunguka na taa ikimetameta, subiri. Usizime umeme kwa pupa.

Ikijikokota, chunguza njia. Tundu la USB la aina ya 1.1 hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, ilhali la 2.0 hufikia 480. Kompyuta nyingi za zamani zina matundu ya aina ya kwanza, na hapo dawa ni subira. Programu ya kukinga virusi nayo hukagua kila faili linalopita. Ikiwa kompyuta haijaunganishwa na intaneti, unaweza kuisimamisha kwa muda. Jambo la tatu halifahamiki sana: Windows XP ikipata makosa mengi ya kusoma diski ya IDE, huacha njia ya haraka iitwayo DMA na kurudia ile ya zamani, PIO, ambayo huielemea kompyuta nzima. Hiyo ni dalili kwamba diski au waya wake una kasoro.

Ikikwama kwenye faili lilelile kila mara, huenda sehemu ya diski iliyolihifadhi imeharibika. Tatizo ni kwamba dirisha la kawaida la XP likishindwa faili moja huacha kazi yote. Fungua dirisha la amri, uandike hivi, ukibadilisha herufi za diski na majina ya folda:

xcopy D:\Masimulizi E:\Masimulizi /e /c /h /i

Alama /c huiamuru kompyuta iendelee hata ikikuta kosa. Ukilazimika kurudia, futa kwanza faili lililokatikia njiani, kisha ongeza /d na /y ili yale yaliyokwisha kunakiliwa yasirudiwe.

Chunguza pia kule yanakokwenda. Diski iliyoandaliwa kwa mpango wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Rekodi ndefu ya video huweza kukataliwa kwa sababu hiyo.

Yapo mambo matatu ya kuepuka. Usitumie amri ya kukata. Nakili tu, na asili ibaki mahali pake. Usianze na chkdsk /r kabla ya kunakili, kwa kuwa ukaguzi huo huisomesha diski nzima, na diski dhaifu inaweza kufa humo humo. Tatu, diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima kompyuta, umpelekee fundi wa kuokoa data. Kila jaribio jipya hupunguza kitakachookolewa.

Kazi ikiisha, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake katika folda zote mbili. Kisha fungua machache, uyasikilize hadi mwisho, kwa sababu jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba sauti imo. Weka nakala ya pili katika jengo lingine. Kompyuta hiyo usiiunganishe na intaneti, kwani Microsoft ilikoma kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014.

Diski inaweza kufa bila kutoa taarifa. Kama idara yako ina kompyuta ya aina hii, ifanye kazi hii muhula huu, ingali inawaka.