Simba au Sufuria: Mchoraji wa Ridhaa Achore Nini?

Pita kwenye vibanda vya picha vya Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar, utawakuta wale wale: Wamasai warefu na mikuki yao, twiga mbele ya Kilimanjaro, jahazi na jua linalozama. Muuzaji halaumiki. Ana kodi ya kulipa, na mtalii anataka kumbukumbu itakayoingia kwenye begi. Cha ajabu ni mchoraji wa ridhaa, yule anayeshika brashi Jumapili kwa kujifurahisha tu na asiyetegemea hata shilingi moja ya picha zake, kuanza naye na twiga huyo huyo. Anaitupa faida kubwa aliyonayo kuliko mwenzake anayechora kwa riziki, nayo ni uhuru wa kuchagua. Kwa maoni yangu, uhuru huo autumie kuchora kitu anachokijua vya kutosha hata akikosea ajue amekosea wapi. Twiga wa kichwani hamsahihishi mtu. Tena mara nyingi si twiga aliyeonekana porini, ni picha ya picha ya twiga.

Atatokea wa kuuliza: mbona Tingatinga alichora wanyama na jina lake likazunguka dunia? Ni kweli, lakini tuangalie alivyofanya kazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile ni nzito na inang'aa, haimpi mtu raha ya kuchanganya vivuli hafifu. Mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao, na nyuma yake rangi moja tu, ulikuwa uamuzi uliotoka kwenye vifaa alivyokuwa navyo mkononi. Alifariki mwaka 1972, na wengi waliomfuata wakarithi wanyama bila kulazimika kuuvuka mtihani uliomfikisha kwao. Mlinganishe na George Lilanga, Mmakonde wa Masasi. Naye alipenda rangi kali, lakini alijaza picha zake mashetani wenye masikio makubwa na midomo iliyobinuka, kwa kuwa alikuwa mchongaji kabla ya kuwa mchoraji na mkono wake ulikwisha kuwazoea. Hakuna anayemchanganya Lilanga na mtu mwingine.

Wala si kweli kwamba soko lote linadai wanyama. Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wanunuzi wake walikuwa wenyeji waliotaka picha ya kutundika sebuleni. Walinunua picha za enzi ya Mbelgiji, mfungwa akichapwa viboko huku mkoloni akitazama. Walimnunua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Baadaye Tshibumba alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, na mazungumzo yao yalikuwa kwa Kiswahili cha huko. Mambo hayo aliyajua yeye, wakayajua na wanunuzi wake, angepotosha, wangemwambia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vitu vya nyumbani vinachosha. Lakini mchoraji Mwitaliano Giorgio Morandi aliishi Bologna karibu maisha yake yote akichora chupa, mitungi na makopo yale yale, akivipanga na kuvipangua, na hadi leo watu wanapanga foleni kuvitazama. Kama Bologna ni mbali, weka sufuria iliyoungua kitako karibu na dirisha. Utadhani masizi ni meusi, basi. Kaa nayo. Upande wa dirisha yana ukijivu unaovuta samawati, chini yanaelekea kahawia, na pale stilwaya ilipopita kuna mistari myembamba inayometameta. Ikifika jioni mng'aro huo umehama, na rangi uliyoichanganya asubuhi haifai tena. Anayechoshwa na sufuria hiyo hajaitazama bado.

Kunakili picha za wengine kuna nafasi yake, hasa kwa anayejifunza kushika brashi, na picha ya simu husaidia pale mtoto unayemchora asipotulia. Ila simu imekwisha kukuamulia kivuli kiwe cheusi kiasi gani, na aliyenakiliwa amekwisha kukuamulia mengine yote. Kwa hiyo wewe unayechora bila kudaiwa na mtu, mwache twiga kwa mwezi mmoja. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwako, dumu la maji au viatu vya mlangoni, ukichore kila Jumapili kikiwa pale pale, na picha zote uziandike tarehe nyuma.