Televisheni Iliyopumua

Leo twataka kueleza habari za sinema moja ya Kanada iitwayo Videodrome, iliyoanza kuonyeshwa mwezi wa Februari mwaka 1983. Si sinema ya watoto, wala si ya kutazamwa na jamaa nzima baada ya chakula cha jioni. Imo damu, yamo mateso, yamo na mambo ya chumbani. Pengine utauliza, ya nini basi kuipa nafasi katika masomo ya watu wazima? Sababu ni kwamba yauliza swali ambalo wazazi wengi na serikali nyingi zimekwisha kuliuliza: je, picha anayoitazama mtu yaweza kumwingia mwilini na kumgeuza awe mtu mwingine?

Aliyeitunga hadithi na kuwaongoza wachezaji ni Bwana David Cronenberg, mzaliwa wa mji wa Toronto, mwaka 1943. Mpaka wa Marekani hauko mbali na Toronto. Alipokuwa mtoto, usiku stesheni za Kanada zilipokwisha kufunga, televisheni ya nyumbani kwao iliweza kudaka picha hafifu kutoka Buffalo, ng'ambo ya mpaka, naye hutazama kwa hofu, asije akaona jambo lisilompasa. Mbegu ya hadithi yetu ni hiyo.

Mkuu wa hadithi ni Max Renn, na mchezaji wake ni James Woods. Max ana stesheni ndogo ya televisheni mjini Toronto. Mwajua kwamba duka dogo haliwezi kushindana na duka kubwa kwa kuuza mchele ule ule. Hivyo Max ameamua kuuza kile ambacho wakubwa wanaona haya kukiuza. Siku moja fundi wake, Harlan, anamwonyesha matangazo yaliyonaswa kutoka mbali. Hayana hadithi wala mazungumzo. Ni chumba tu, na watu wanaopigwa na kuteswa. Kwanza Harlan asema yatoka Malaysia. Baadaye yaonekana yatoka Pittsburgh, Marekani. Max adhani ni mchezo wa kuigiza, tena wa gharama ndogo, na mara moja aanza kupiga hesabu ya faida.

Kumbe ubaya wenyewe haumo katika picha. Umo katika mawimbi yaliyofichwa chini yake. Mawimbi hayo humwotesha mtazamaji uvimbe katika ubongo, na uvimbe humletea maruweruwe, hata asiweze kupambanua lililo kweli na lisilo kweli. Sikiliza vizuri jambo hili, maana ni rahisi kulipita: katika hadithi twaambiwa kwamba mawimbi yale yaweza kupelekwa chini ya picha yo yote, hata ile picha ya mistari ya kujaribia mitambo. Picha ya mateso ni chambo. Ndoana ni kitu kingine.

Baada ya hapo Max aona mambo ya ajabu. Televisheni yake yaanza kupumua kama mnyama. Mishipa yatuna ubavuni mwake, na kioo chavimba kumwelekea. Tumbo la Max lapasuka mpasuko mrefu, na wabaya wake wamtia kaseti humo kama mtu atiavyo kaseti katika mashine, naye afanya kila aliloamriwa. Bastola yashikamana na mkono wake, chuma na nyama vikawa kitu kimoja. Sinema za namna hii huitwa sinema za utisho wa mwili. Katika sinema nyingine za kuogofya adui hutoka nje: jini, mzimu au mwuaji mwenye kisu. Unaweza kufunga mlango. Hapa hapana mlango wa kufunga, kwa kuwa kinachotisha ni mwili wako mwenyewe unaokwenda njia isiyo yako.

Mambo hayo hayakufanywa kwa kompyuta. Yalifanywa kwa mikono, chini ya usimamizi wa Rick Baker, ambaye mwaka 1982 alikuwa amepata tuzo ya Oscar kwa kumgeuza kijana kuwa mbwa mwitu katika sinema ya An American Werewolf in London. Mahali pa kioo cha televisheni walikaza mpira mwembamba, wakarusha picha juu yake kutoka nyuma, kisha wakausukuma uvimbe. Kaseti zilizotumika ni za Betamax, maana zile za VHS zilikuwa kubwa mno kwa tumbo la bandia. Mafundi wa namna hii, kwa maoni yangu, hawasifiwi kiasi kinachowastahili. Mtazamaji husema tu “lo!” akasahau kwamba mtu fulani alikesha akipaka gundi.

Sasa tuangalie fikira iliyo chini ya maajabu hayo. Katika Chuo Kikuu cha Toronto alikuwako mwalimu aliyeitwa Marshall McLuhan, aliyefariki siku ya mwisho ya mwaka 1980. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1964, Understanding Media, alifundisha kwamba vyombo anavyovitengeneza mwanadamu ni viungo vyake vilivyorefushwa. Gurudumu ni mguu ulioongezwa, nguo ni ngozi ya pili, na mitambo ya umeme ni mishipa ya fahamu iliyotandazwa nje ya mwili. Sisi twaweza kuongeza kwamba jembe ni mkono uliopewa kucha za chuma. Walakini McLuhan hakuishia hapo. Alisema kwamba chombo nacho humbadili mwenye kukitumia, na kwamba namna habari inavyokuja ina nguvu kuliko habari yenyewe. Kumbuka sasa yale mawimbi chini ya picha! Cronenberg aliichukua fikira ya mwalimu kama ilivyo, akaivika nyama na damu.

Hata mwalimu mwenyewe ametiwa katika hadithi, kwa jina jingine. Yumo profesa mmoja, Brian O'Blivion, ambaye hakubali kuonekana ila katika televisheni. Hata akialikwa kuzungumza na watu, huletwa kioo kikawekwa kitini. Baadaye twagundua kwamba alikwisha kufa zamani. Ameacha maelfu ya kaseti, na binti yake, Bianca, huchagua moja kila anapoalikwa. Binti huyo ana nyumba ambamo maskini wasio na makao hupewa vyumba vidogo vya kutazamia televisheni, ili warudi katika ulimwengu wa wenzao. Mimi sijui kama ni kichekesho au ni jambo la kulia.

Pengine wewe ulinunua televisheni juzi na moyo umeanza kukudunda. Basi, uvimbe wa ubongo unaoletwa na picha za televisheni ni wa hadithi tu. Walakini hofu ile haikutoka hewani. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba televisheni zake nyingi za rangi zilikuwa zikitoa mionzi ya eksirei kupita kiasi, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuzuia hatari hiyo. Tena, tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya watoto iitwayo Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipokezana upesi mno. Zaidi ya watazamaji 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini. Baadhi yao walikuwa wameshikwa na kifafa. Katika hadithi ya katuni hiyo hapakuwa na jambo baya. Ulikuwa mwendo wa mwanga tu.

Tumalizie na wale wenye Videodrome. Mkubwa wao, Barry Convex, ana kampuni ya kutengeneza miwani na pia vifaa vya silaha. Hawatafuti fedha. Ni watu wanaojihesabu kuwa wasafi. Wameona kwamba nchi yao imelegea, na waliooza zaidi ni wale wapendao kutazama uchafu. Basi wamewatengenezea uchafu wenye sumu, ili kila autazamaye ajiue kwa jicho lake. Stesheni ya Max waliichagua kwa sababu hiyo, na Harlan alikuwa mtu wao tangu mwanzo. Hakunasa matangazo yo yote; alikuwa akicheza kaseti tu.

Mambo haya yana uzito zaidi ukimjua mtungaji. Shivers, sinema yake ya mwaka 1975, ilitengenezwa kwa msaada wa fedha za umma, nayo ikazusha makelele magazetini. Baadaye wakaguzi wa sinema wa jimbo la Ontario waliikata The Brood ya mwaka 1979. Mtu mwingine angelipiza kisasi kwa kutunga hadithi ya kuonyesha kwamba picha haimdhuru mtu kamwe. Cronenberg alifanya kinyume. Aliwapa wakaguzi hoja yao yote: haya, na tuseme picha zadhuru kweli. Kisha akauliza ni nani aliyezituma, na kwa nia gani.

Sinema hii haikuleta faida. Katika majumba ya sinema ya Amerika Kaskazini ilipata kiasi cha dola milioni 2 tu, na ilikuwa imegharimu zaidi. Walioipenda wengi waliipata baadaye, usiku, nyumbani kwao, kwa kuitia kaseti katika mashine.

Maswali kwa kikundi chenu juma hili ni mawili. Max alitaka kuwauzia watu mateso akidhani ni ya kuigiza: je, ameonewa, au amevuna alichopanda? Na kama Convex angalitumia picha za kandanda badala ya mateso, ni nani kati yenu angaliokoka?