Barafu ya Mlima Kenya: Picha za Setilaiti Zinatuambia Nini?

Sisi hapa Ngara tukipanda juu ya ghorofa asubuhi ya Januari, kabla moshi wa matatu haujatanda, siku ya bahati tunauona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Ni ncha nyeusi yenye madoa machache meupe. Wazee waliokulia Nyeri na Nanyuki watakuambia kwamba zamani weupe ule ulikuwa mwingi.

Kikundi kimoja cha huko mlimani kimetuuliza hivi: "Mto wetu unapungua kila kiangazi. Je, ni kwa sababu barafu inakwisha? Kama ndivyo, kuna faida gani kuchanga pesa za mfereji wa maji?" Swali hili ni zito, maana linagusa jasho la wanachama. Hebu tulitazame pole pole.

BARAFU NI KAMA AKIBA YA CHAMA

Juu kabisa mlimani theluji huanguka, hulundikana, hugandamana ikawa barafu, kisha huteremka taratibu sana kwa uzito wake. Ndiyo maana huitwa mto wa barafu. Huo mto una hesabu kama chama chenu. Theluji mpya ni michango. Kuyeyuka na kukauka kwa jua ni matumizi. Michango ikizidi, barafu inakua. Matumizi yakizidi, inakwisha.

Tena si joto peke yake linaloila. Mvua na mawingu vikipungua, theluji mpya inakosekana. Theluji mpya ni nyeupe sana, nayo huurudisha mwanga wa jua ulikotoka. Isipokuwepo, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi na kulinyonya jua lote. Kwa hiyo barafu yetu inaonyesha habari za joto na habari za mvua pia.

SETILAITI INAPIGAJE HESABU?

Zamani watu walipanda wenyewe na vyombo vya kupimia ardhi. Leo kazi kubwa inafanywa na setilaiti, yaani mitambo inayoizunguka dunia huko juu ikipiga picha. Zile za Marekani ziitwazo Landsat zilianza Julai 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure. Ulaya nayo ilirusha ya kwanza ya Sentinel-2 mwaka 2015.

Kila picha imegawanywa katika miraba midogo, kama daftari la hesabu. Kwenye picha za Landsat zinazotumika kwa kazi hii, mraba mmoja una upande wa mita 30. Kwenye Sentinel-2 ni mita 10. Mtaalamu anahesabu miraba yenye barafu, kisha analinganisha na picha za miaka iliyopita.

Lakini wingu nalo ni jeupe! Atatofautishaje? Hapo kuna ujanja. Setilaiti huona pia mwanga ambao macho yetu hayauoni. Katika mwanga huo wingu hung'aa, lakini theluji na barafu huonekana nyeusi. Shida nyingine ni theluji ya juzi, ambayo hufunika mawe na kuyafanya yaonekane kama barafu. Kwa hiyo huchaguliwa picha za kiangazi, theluji hiyo ikiwa imeondoka.

Matokeo yake yanasikitisha. Karibu mwaka 1900 Mlima Kenya ulihesabiwa kuwa na mito ya barafu 18. Ule uitwao Gregory ulikuwa umekwisha kufikia mwaka 2011. Picha za miaka ya 2021 na 2022 zilionyesha kwamba barafu yote ya mlima ukiijumlisha ni kama eka 17 tu, shamba la mtu mmoja! Kwa Landsat hiyo ni miraba isiyofika 80, ndiyo maana wataalamu hutafuta picha kali zaidi. Jirani yetu Kilimanjaro ulikuwa na kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912, na mwaka 2011 hazikufika 2.

Kumbukeni pia kwamba picha ya juu huonyesha upana, haionyeshi unene. Mto wa barafu wa Lewis, mkubwa kuliko wote Mlima Kenya, kati ya mwaka 1934 na 2010 ulipoteza asilimia 79 ya upana wake, lakini asilimia 90 ya barafu yake yote. Kwa hiyo vipimo vya watu wanaopanda kwa miguu bado vinahitajika.

SASA, MTO WENU JE?

Kusema kweli, eka 17 za barafu haziwezi kulisha mito yote inayoteremka mlimani. Maji yenu hasa ni mvua inayonyesha msituni na kwenye nyanda za juu ya msitu, ikazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Hata maji ya mfereji hapa Nairobi, sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, ambalo hulishwa na mvua ya milima ya Aberdare.

Basi barafu ni shahidi, siyo mama wa mto. Inatuambia kwamba hali ya hewa imebadilika, nayo mvua ni mtoto wa hali hiyo hiyo. Lakini mto ukikauka, kwanza tazameni msitu uliokatwa na mipira ya maji iliyojaa huko juu. Msiache kuchanga kwa ajili ya barafu. Ila kabla ya kuchimba mfereji:

1. Pimeni maji ya mto mwezi wa Februari, wakati yamepungua, msipime wakati wa masika.
2. Wekeni kipima mvua, na mtu mmoja aandike kila asubuhi.
3. Jiungeni na chama cha watumiaji maji cha mto wenu. Vyama hivi vinatambuliwa tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002.
4. Lindeni chemchemi kwa miti ya kienyeji.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Wazee wenu wanakumbuka nini kuhusu weupe wa mlima? Ni nani anachukua maji juu yenu, na ni nani yuko chini yenu akiwangoja? Na daftari la mvua litakaa kwa nani?